Mshahara Ulioingia Baada ya Kuaga Kazi: Uchambuzi wa Kisa cha Karani wa Shehena, Tanga

Karani wa shehena katika kampuni ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Tanga aliandika barua ya kuacha kazi tarehe 3 Machi. Alitoa notisi ya siku 28, kama sheria inavyomtaka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, akakabidhi ofisi tarehe 31, na mshahara wa Machi ukaingia bila kasoro. Aprili alianza kazi mpya Muheza. Tarehe 28 Aprili ukaja ujumbe wa benki: zimeingia shilingi 629,500. Tarehe 28 Mei ukaja mwingine, kiasi kilekile. Juni 9 mhasibu wa kampuni ya zamani akapiga simu: umelipwa miezi miwili usiyofanya kazi, rudisha 1,800,000 kabla ya Ijumaa, la sivyo jambo litakwenda polisi na cheti chako cha utumishi hutakiona. Karani akajibu kwamba hajawahi kupokea 1,800,000 maishani, kwamba kampuni haijamlipa siku zake za likizo, na kwamba kosa walilifanya wenyewe.

Kisa ni cha mfano. Hakimhusu mtu wala kampuni yoyote, na tarakimu zimepangwa ili hesabu ionekane vizuri. Lakini hakuna kipande chake kisichotokea kwenye ofisi zetu, na watu wamegombana vibaya, wengine ndugu wa mtaa mmoja pale Ngamiani au Makorora, kwa sababu tu hakuna aliyekaa na kalamu kuandika kiasi halisi.

Tuanze na kiasi hicho. Mshahara wa mkataba ulikuwa 900,000 kwa mwezi. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 90,000. Zinabaki 810,000, na hizo ndizo zinazotozwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, mapato ya mwezi yaliyo kati ya 760,000 na 1,000,000 hulipiwa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Hapa kinachozidi ni 50,000, asilimia 25 yake ni 12,500, kodi yote ni 80,500. Zinabaki 729,500. Karani alikuwa na mkopo wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ambao kampuni ilikuwa ikimkata 100,000 kila mwezi na kuipeleka huko moja kwa moja. Ndiyo maana zilizofika benki ni 629,500.

Mhasibu alidai 900,000 mara mbili. Karani alikiri 629,500 mara mbili, yaani 1,259,000. Wote wawili wamekosea.

Mhasibu amekosea kwa sababu kodi na michango havikupita mikononi mwa karani. Vilitoka kwenye akaunti ya kampuni vikaenda Mamlaka ya Mapato, TRA, na NSSF, na mwenye uwezo wa kuvifuatilia huko ni kampuni iliyovipeleka. Karani akilipa 1,800,000, atakuwa amerudisha fedha ambazo hakuzipata, na siku kampuni itakaporekebisha hesabu zake TRA, itakuwa imelipwa mara mbili. Karani naye amekosea kwa sababu ya SACCOS. Zile 100,000 za kila mwezi hakuzishika, kweli, lakini zimelipa deni lake mwenyewe. Leo deni hilo limepungua kwa 200,000, na amelipiwa na mtu asiyedaiwa kumlipia. Hiyo ni faida iliyomfikia. Basi kiasi cha haki ni 729,500 kwa kila mwezi, jumla 1,459,000. Kabla ya kulipa chochote, aombe SACCOS taarifa ya mkopo inayoonyesha kwamba makato ya Aprili na Mei yaliingia kweli. Hutokea mwajiri akakata na asipeleke, na kama hayakupelekwa, karani hadaiwi hizo 200,000.

Mchango wa NSSF ndio wenye utata kidogo, maana umeandikwa kwa jina lake. Mtu anaweza kusema naye amefaidika. Lakini mchango huo ni wa ajira ambayo haikuwepo, na dawa yake ni kuufuta kwenye kumbukumbu, si kumuuzia karani. Kumtaka alipe 180,000 taslimu halafu mchango ubaki kwenye kumbukumbu ukionyesha alikuwa na waajiri wawili ni kumwachia mzigo atakaokuja kuueleza uzeeni.

Sheria inasemaje? Mtu aliyepewa fedha kwa makosa anatakiwa kuzirudisha. Hilo liko kwenye kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na halina masharti mengi: haijalishi nani alikosea, haijalishi kosa lilikuwa la uzembe. Kwa hiyo hoja ya karani kwamba "kosa ni lao" haimwondolei deni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kumrudishisha mfanyakazi ujira, isipokuwa malipo yaliyozidi kwa kosa la kukokotoa ujira huo. Wapo wanaobishana kwamba kumlipa mtu aliyekwisha kuondoka si kosa la kukokotoa, ni kosa la kutomfuta kwenye orodha. Ubishi huo haumsaidii karani sana, kwa sababu fedha ambazo si ujira wa kazi yoyote zinaangukia moja kwa moja kwenye Sheria ya Mikataba.

Kinachobadilika kutokana na nia ya mpokeaji ni muda na namna ya kulipa, na pia iwapo polisi wana la kufanya. Malipo ya Aprili na ya Mei yasitazamwe kwa jicho moja. Aprili karani alikuwa na sababu ya kudhani kwamba ni likizo yake na mafao ya mwisho. Alikuwa anadai kweli, na ujumbe wa benki haukusema zaidi ya neno mshahara. Alizitumia kwa kodi ya nyumba na ada. Mei, kiasi kilekile kilipoingia tarehe ileile, dhana hiyo ilikufa. Hapo alipaswa kuuliza. Hakuuliza, akanyamaza, na kimya hicho ndicho kilichompa mhasibu nguvu ya kutaja polisi. Deni la namna hii ni dai la madai, si jinai, maadamu mtu hakudanganya wala kuficha. Lakini anayetoa fedha zote siku ileile, akazima simu na kukana kwamba zimeingia, anatengeneza ushahidi wa nia mbaya kwa mikono yake.

Ujumbe mfupi wa Aprili ungemwokoa. Hauhitaji ufasaha: "Kaka, habari za kazi. Akaunti yangu imeingiziwa 629,500 tarehe 28 Aprili kwa maelezo ya mshahara. Kazi niliacha tarehe 31 Machi. Naomba slipu ya malipo haya au maelezo kwa maandishi. Fedha sitazigusa mpaka nipate jibu." Utumwe kwa barua pepe ya ofisi, kisha kwa WhatsApp ya mhasibu, na picha ya ujumbe uliotumwa itunzwe. Wasipojibu, utumwe tena baada ya wiki mbili. Kama kweli ni likizo, watasema hivyo na kuleta slipu. Kama ni kosa, litasimama kabla ya Mei, na kampuni itakuwa na mwezi mmoja tu wa kurekebisha TRA badala ya miwili.

Sasa kurudisha kwenyewe, na hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Kila mtu Tanzania anaujua ule utapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Dai la mshahara uliozidi ni koti zuri la kuvaa kwa tapeli: anajua jina lako, anajua ulikofanya kazi, anakutisha kwa polisi, kisha anatoa namba ya simu yenye jina usilolijua. Hata pale anayepiga ni mhasibu wa kweli, namba binafsi ya simu si mahali pa kurudisha fedha za kampuni. Mhasibu akihama kesho, au akizitumia, aliyelipa anabaki na ujumbe wa kutuma fedha kwa mtu binafsi, na kampuni itasema haijapokea kitu. Fedha taslimu kwa keshia bila stakabadhi ni balaa hilohilo.

Njia salama ni hii. Karani asubiri barua ya madai yenye nembo ya kampuni na saini ya mtu mwenye mamlaka, ikitaja miezi, tarehe za malipo, hesabu ya kila mwezi, na namba ya akaunti ya kampuni ya kurudishia. Alinganishe akaunti hiyo na ile iliyokuwa ikimlipa mshahara siku zote. Taarifa ya akaunti kutoka tawi la benki itamwonyesha. Kama hazilingani, aende ofisini mwenyewe akaulize. Si mbali, na nauli ya daladala kutoka Pongwe au ya Coaster kutoka Muheza ni ndogo kuliko hasara. Anapoweka fedha, kwenye maelezo ya muamala aandike "marejesho ya mshahara wa Aprili" na jina lake, ili miezi sita baadaye mkaguzi asizione kama mauzo. Picha ya hati ya benki aitume siku hiyohiyo na kuomba stakabadhi.

Gharama za muamala abebe nani? Sheria haikutaja, lakini haki inaelekeza kwa aliyekosea. Ni busara barua iseme kwamba makato ya benki ya kurudisha yatatoka kwenye kiasi kinachorudishwa. Ni fedha ndogo, na kuigombania kumevunja mapatano mengi yaliyokuwa yamekwisha kukubaliwa.

Mwajiri naye mara nyingi hukimbilia benki akitaka wazirudishe. Muamala ukigundulika saa chache baadaye, benki inaweza kuuzuia. Wiki sita zikishapita, fedha ni za mwenye akaunti mbele ya benki, nayo itataka ridhaa yake au amri ya mahakama. Njia nyingine inayojaribiwa ni kumpigia mwajiri mpya Muheza amkate karani kwenye mshahara. Mwajiri mpya asikubali. Kifungu cha 28 kinaruhusu makato yaliyotajwa na sheria, mkataba wa hali bora, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, au deni ambalo mfanyakazi mwenyewe ameridhia kwa maandishi. Simu ya mhasibu wa kampuni nyingine haimo kwenye orodha hiyo.

Likizo na cheti. Karani alikuwa na siku 14 za likizo ambazo hazikuchukuliwa wala kulipwa, kati ya 28 za mwaka. Kwa kugawa mshahara kwa siku 30, hizo ni 420,000 kabla ya makato. Kifungu cha 44 kinataka siku za kazi, likizo na stahili nyingine zilipwe ajira inapokoma, na kinamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi. Hakuna mahali kinaposema cheti kishikwe kama rehani ya deni. Kumtisha nacho ni kosa la pili juu ya la kwanza, na karani akifungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, kwa fomu namba 1, kampuni haitakuwa na jibu. Ila aangalie saa: madai yasiyohusu kuachishwa kazi yana siku 60 tangu yalipozuka. Likizo ilipaswa kulipwa mwisho wa Machi, kwa hiyo Juni 9 siku hizo zimekwisha kupita, na CMA itamtaka aombe kwanza kuongezewa muda kwa kueleza sababu za kuchelewa. Hili watu hawalitegemei: wakati wanabishana kwa simu kuhusu fedha zilizozidi, haki yao ya kudai zile zilizopungua inachakaa.

Je, 420,000 ziondolewe tu kwenye 1,459,000? Inawezekana kwa ridhaa ya maandishi, lakini namna wengi wanavyoifanya ni mbovu. Wanatoa 420,000 ghafi, yaani kabla ya makato, kwenye 1,459,000 ya mkononi, ambavyo ni vitu viwili tofauti, na likizo inakuwa haijalipiwa kodi. Bora likizo ilipwe peke yake kwa slipu yake, kodi ikikatwa, iingie akauntini. Karani atumie fedha hizo kama sehemu kubwa ya awamu ya kwanza ya marejesho. Fedha zitakwenda na kurudi siku ileile pengine, lakini karatasi zitasomeka na mtu yeyote.

Upande wa kampuni, hasara ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na hili wenye kampuni ndogo huwa hawalioni. Kila mwezi wa kosa haukugharimu 900,000 tu. Kuna mchango wa mwajiri NSSF 90,000. Kwa kuwa ina wafanyakazi zaidi ya 10, kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5: hapa 31,500. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, nusu asilimia: 4,500. Jumla 1,026,000 kwa mwezi, 2,052,000 kwa miezi miwili. Karani anarudisha 1,459,000. Zilizobaki, 593,000, ziko kwa taasisi: PAYE 161,000, NSSF 360,000, SDL 63,000, WCF 9,000. Mhasibu aliyekazana kumdai karani tofauti ya ghafi hata hakuwa amezigusa 252,000 za hasara yake.

Ritani, yaani taarifa ya kodi, ya PAYE na SDL hupelekwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Juni 9, ritani za Aprili na Mei zote zilikuwa zimekwisha kwenda. Kinachotakiwa ni kuzirekebisha, jina la karani litolewe kwenye miezi yote miwili, na kodi iliyozidi iombewe kuhesabiwa kwenye kodi za miezi inayofuata. NSSF nao waandikiwe barua na jedwali jipya la michango, ikiambatana na barua ya kuacha kazi, fomu ya makabidhiano na maelezo yaliyosainiwa na karani kwamba baada ya Machi 31 hakuwa mwajiriwa wao. WCF vivyo hivyo. Karani asikatae kusaini maelezo hayo. Yanamlinda yeye kuliko kampuni. Bila hayo, kumbukumbu zake zitaonyesha ajira mbili katika miezi ileile, mwajiri wa zamani na wa Muheza wakimlipia kwa pamoja. Kwa mtu aliyeachishwa kazi, ambaye bado hana nyingine na anaomba fao la kukosa ajira, michango ya namna hii inaweza kulikwamisha ombi kabisa, maana mfumo unasema bado ameajiriwa.

Kwa mtumishi wa umma njia ni tofauti, na uvumilivu ni mdogo. Tangu msako wa watumishi hewa wa mwaka 2016, mshahara unaoendelea kuingia kwa mtu aliyeacha kazi hautazamwi kama bahati mbaya ya mhasibu. Mwalimu aliyeondoka halmashauri atoe taarifa kwa maandishi kwa afisa utumishi mara moja, aombe namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali (control number), alipe kwa namba hiyo tu, na asimpe mtu yeyote fedha mkononi.

Kosa lenyewe lilitokeaje? Fomu ya makabidhiano ilisainiwa na mkuu wa shughuli za bandari, ikabaki kwenye mafaili yake. Mhasibu hakuiona. Kila mwezi alinakili faili la mishahara la mwezi uliopita, akabadilisha tarehe na saa za ziada, akalipeleka kwa waidhinishaji wawili. Wawili hao walitazama jumla ya chini, na jumla ilifanana na ya mwezi uliopita, kwa hiyo ikaonekana sahihi. Kufanana huko ndiko kulikopaswa kuwashtua, maana mtu mmoja alikuwa ameondoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kinga yake ni karatasi moja inayotangulia faili la mishahara: waliokuwepo mwezi uliopita, jumlisha walioingia, toa waliotoka, sawa na wanaolipwa mwezi huu. Kwa kampuni hii Aprili ingesomeka 34, jumlisha 0, toa 1, sawa na 33. Faili lenye majina 34 lisingesainiwa. Karatasi hiyo iandaliwe na anayeshughulikia utumishi, si mhasibu, na barua yoyote ya kuacha kazi inakiliwe kwa wote wawili siku inapopokelewa. Mfanyakazi mwenyewe pia anaweza kusaidia: barua yake apeleke nakala tatu, ya mkuu wake, ya utumishi na ya uhasibu, na ya nne igongwe mhuri abaki nayo.

Mapatano ya kisa hiki yaandikwe hivi. Kampuni inafuta dai la 1,800,000 na kukiri kwamba kiasi ni 1,459,000. Inalipa likizo kwa slipu, inatoa cheti cha utumishi bila masharti. Karani analipa 459,000 tarehe 30 Juni, kisha 250,000 mwisho wa Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Kiasi cha awamu hakikuokotwa: mshahara wake mpya ni 1,000,000, na robo ya ujira ndiyo kikomo ambacho kifungu cha 28 kimeweka kwa makato ya kufidia hasara ya mwajiri. Hapa si makato, lakini kipimo hicho kinafaa, kwa sababu mtu akibanwa zaidi ya robo atakwama awamu ya pili na ugomvi utaanza upya. Hakuna riba. Akiona atachelewa zaidi ya siku 14, aandike kabla, si baada.

Awamu ya Oktoba ikishaingia, kampuni itoe barua ya kufunga deni ikitaja jumla iliyorudishwa, tarehe zote tano, na kwamba ritani na michango ya Aprili na Mei imerekebishwa. Karani aiweke pamoja na stakabadhi tano, taarifa ya SACCOS na nakala ya jedwali jipya la NSSF, kwa muda usiopungua miaka 6, kwa kuwa huo ndio muda ambao dai la mkataba linaweza kupelekwa mahakamani.